MDF isikae chini ya sinki

Dada, umeuliza kama MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inatosha kabati lote la jikoni kwenye nyumba yako ya Nzuguni, Dodoma. Milango sawa, uso wake laini na rangi inakaa vizuri. Ila chini ya sinki usiiweke kabisa! Mimi niliiweka, bomba likavuja kidogo tu, ubao ukaumuka kama andazi, skrubu zikawa zinang'oka kwa vidole. Nikabadilisha kwa plaiwudi ya milimita 18, kingo zote nikazipiga vanishi. Fremu ukitaka mninga, hakikisha mbao zimekauka. Kwa hewa kavu ya huko, mbao mbichi zitapinda na kupasuka kiangazi. Na kabati liinue kwa miguu, maji ya kudekia yasilifikie.