Ukitaka gitaa kavu la zamani, anzia shingoni

Wadogo zangu mnaoanza muziki hapa Mwanza, naona siku hizi kila mmoja anatafuta gitaa kavu la zamani, yaani lile lisilotumia umeme. Mtu amelisikia mara moja kanisani, au kwenye harusi ya Kirumba, basi lile jipya alilonunuliwa na mjomba wake halimtoshi tena. Siwalaumu. Mimi napiga Levin, gitaa la Kiswidi lililotengenezwa Göteborg, na sijakutana na jipya la kunishawishi niliuze. Shida ni kwamba mkienda kununua mnauliza jina na umri, wakati vitu vya kuangalia kwanza ni shingo na maungio.

Umri peke yake hauleti sauti. Kinacholeta sauti ni ubao wa mbele mwembamba, wa mti mzima, unaotikisika bila kubanwa. Ubao wa namna hiyo ukikaa miaka mingi unakauka na kuwa mwepesi, ndiyo maana gitaa la zamani linaitikia hata ukiligusa kidogo tu. Plaiwudi haibadiliki sana, hata ikae nusu karne. Chukua Gallotone, zile zilizotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo. John Lennon alianzia na Gallotone Champion miaka ya 1950, kabla ya bendi yake ya Beatles, na ndani yake ilibandikwa karatasi ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halipasuki. Kweli halipasuki: ni plaiwudi! Sisemi hivyo kwa kuidharau plaiwudi. Yamaha FG-180, iliyoanza kutoka Japani mwaka 1966, nayo ina plaiwudi mbele na bado watu wanaigombania. Kwa hali yetu ya hewa ya ziwani, plaiwudi inavumilia kuliko mti mzima. Ila usilipe bei ya mti mzima kwa ajili ya plaiwudi.

Kutofautisha ni rahisi. Chungulia ukingo wa lile tundu la mbele. Kama mistari ya mti unayoiona usoni inaendelea mpaka kwenye unene wa ukingo, huo ni mti mzima. Ukiona tabaka tabaka kama mkate wa chapati za kusukuma, ni plaiwudi. Wengine wamepaka rangi ukingo huo, na hapo lazima uliza kwa nini.

Msiyatafute madukani. Magitaa mengi mazuri ya ukanda huu yalikuja na wamisionari na walimu wa kigeni, yakabaki mikononi mwa kwaya na shule. Levin yangu ilitokea upande wa Bukoba, ambako Waswidi walifanya kazi ya kanisa kwa miaka mingi, ikapita kwa kwaya, ikaishia kwa mwalimu mstaafu. Kampuni yenyewe ilianzishwa mwaka 1900 na Herman Carlson Levin, na mwaka 1973 ikanunuliwa na Martin ya Marekani, kwa hiyo kama gitaa lina namba, namba hiyo inaweza kukusaidia kujua ni la miaka gani. Ulizeni kwa walimu wa zamani, kwenye stoo za parokia, kwa wazee waliowahi kupiga kwenye bendi. Na mkienda nyumbani kwa mtu, nendeni kwa adabu. Gitaa la marehemu halishikwi kama simu ya mtumba.

Nilimsindikiza kijana mmoja Igoma, kwa mama aliyekuwa anauza gitaa la mumewe. Kijana alitaka kulipokea na kuanza kucharaza pale pale. Nikamzuia. Nikamwambia yule mama, "Shikamoo mama. Tunaomba kwanza tulitazame, nyuzi hizi zimekaza sana." Akasema, "Marahaba, tazameni tu wanangu, mimi hata sijui kulishika." Tukalilaza juu ya kitenge, mezani, karibu na dirisha.

Tulianza hivi. Unalegeza nyuzi kidogo, kisha unaliinua gitaa hadi usawa wa jicho na kutazama shingo kuanzia kichwani kuelekea kwenye daraja, kile kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele kushika nyuzi, kama fundi anavyotazama mbao iliyopinda. Kukunja kidogo sana kuelekea mbele ni sawa. Ukiona mkunjo mkubwa, au shingo imejisokota upande mmoja, hapo kuna kazi. Baada ya hapo weka rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, katikati, uisukume mpaka ifike kwenye daraja. Ncha ya rula inapaswa kutua juu ya daraja au kulipita kwa juu kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja, kwa chini, ujue shingo imevutwa na nyuzi kwa miaka na sasa imeinama mbele. Nyuzi za chuma za kawaida zinavuta kwa nguvu inayokaribia kilo 70. Gundi na mbao zimebeba mzigo huo usiku na mchana, watu wamelala, gitaa limetundikwa ukutani.

Kisha kaza tena nyuzi, upime kimo chake kwenye freti ya 12. Milimita mbili na nusu kwa uzi mnene, mbili kwa mwembamba, hapo unapiga kwa raha. Zikipita nne, vidole vitaumia na sauti itaenda pembeni kila unapobana. Usikimbilie kusema "tutashusha". Angalia kile kipande cha mfupa kinachobeba nyuzi juu ya daraja. Kama bado kimesimama, kinaweza kusagwa. Kama tayari kimesagwa mpaka kinakaribia kuzama na nyuzi bado ziko juu, mwenye gitaa aliyetangulia alishamaliza njia hiyo, na kilichobaki ni kuing'oa shingo na kuirudisha upya. Kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Lile la Igoma lilikuwa na mfupa mzima na shingo nzuri. Ugonjwa wake ulikuwa darajani: nilipochukua kipande cha karatasi nikakisogeza nyuma ya daraja, kiliingia chini yake kama upana wa kucha. Daraja lilikuwa limeanza kubanduka. Tukapiga tochi ya simu ndani, tukaingiza kioo kidogo cha kunyolea, tukaona zile mbavu za ndani, vijiti vya mbao vinavyoimarisha ubao wa mbele, bado zimeshika. Nikagonga ubao wa mbele kwa fundo la kidole, taratibu, sehemu baada ya sehemu. Palipo pazima panatoa mlio mzito, mkavu. Ubavu ulioachia unatoa mtetemo wa kukera, kama spika iliyochanika. Lilikuwa zima. Tukamweleza mama ukweli wote, ubovu na uzuri, akapanga bei yake. Hili nalisisitiza: ukijua gitaa la mjane lina thamani kuliko anavyodhani, mwambie. Mji huu ni mdogo na wanamuziki tunajuana.

Tazameni pia vitobo vidogo vyenye unga wa mbao, maana hao ni wadudu na huenda bado wamo ndani. Mipasuko mirefu inayofuata mstari wa mti inatengenezeka. Mipasuko inayokata mistari ya mti mimi huwa naiachia wenyewe.

Sasa mmeshalinunua. Tatizo linalofuata ni ziwa.

Mbao za gitaa hupenda unyevu wa hewa wa kati, kama asilimia 45 mpaka 55. Mwanza haikai hapo. Mvua za Novemba na Desemba, kisha za Machi mpaka Mei, mbao zinanywa unyevu, ubao wa mbele unavimba, daraja linapanda nalo, na ghafla gitaa lililokuwa laini linakuwa gumu mkononi. Kijana anadhani shingo imeharibika, anampelekea fundi, fundi anasaga mfupa. Inapofika Juni hadi Septemba, upepo mkavu, ubao unarudi chini na nyuzi zinaanza kukwaruza freti kila mahali, maana mfupa ulishasagwa. Basi usisage chochote wakati wa mvua. Subiri. Kiangazi pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ukihisi ncha za freti zinakuchoma ambazo zamani hazikuwepo, mbao za shingo zimesinyaa na chuma hakijasinyaa. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza kwamba gitaa lina kiu. Kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji iliyokamuliwa vizuri, ndani ya kasha, kinatosha. Wakati wa mvua weka vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali, na kitakuzuia kubahatisha.

Jua ni baya kuliko mvua. Gundi ya asili iliyotumika kwenye magitaa mengi ya zamani, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, inalainika ikipata joto kali, na gari lililofungwa vioo na kuachwa juani mchana pale Makoroboi linafikia joto hilo. Daraja linabanduka lenyewe wakati wewe unakula sangara. Ukivuka kwenda Ukerewe, kaa nalo kivulini, legeza nyuzi kidogo, na usikubali lipangwe chini ya magunia hata kama mpangaji mizigo anakuita "bosi".

Kuhusu nyuzi nina maneno machache lakini makali. Gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni halifungwi nyuzi za chuma. Utalijua kwa shingo pana na kwa daraja ambalo nyuzi zinafungwa fundo, bila vile vigingi vya kuzibania. Ukilifunga chuma, mwaka hauishi daraja linaruka. Kwa gitaa la zamani la nyuzi za chuma tumia seti nyembamba, ambayo uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.011 au 0.012. Nyuzi za gitaa la umeme zitakaa, ila sauti itakuwa nyembamba na utalilaumu gitaa bure. Waya wa breki za baiskeli waliutumia wazee wetu kwa sababu hawakuwa na kingine. Unakula freti, uacheni. Na jasho la huku ni jingi, kwa hiyo kila ukimaliza futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini.

Mkono nao lazima ubadilike. Gitaa la mwili mdogo halitaki kupigwa kwa hasira. Msikilizeni Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gitaa wa Kongo ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Ni gumba na kidole cha shahada tu, lakini unasikia besi na solo kwa pamoja. Au karibu zaidi na kwetu, D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mwaka 1940, aliyeipeleka benga, muziki wa gitaa wa Waluo, mbali akiwa Kenya. Yeye alisifika kwa gitaa la umeme, lakini sikilizeni jinsi kila nota inavyosimama peke yake, haijamezwa na jirani yake. Mazoezi ya aina hiyo, polepole, ndiyo yatakayowaonyesha kama gitaa lenu lina kitu.

Likiharibika, si kila seremala mzuri wa vitanda ni fundi wa gitaa. Muulize swali moja kabla hujamwachia: "Hiki unachotaka kugundisha, siku nyingine kitabanduliwaje?" Akikujibu kwamba hakitabanduka kamwe, chukua gitaa lako uondoke. Supagluu kwenye daraja ni balaa kwa fundi atakayefuata. Vanishi mpya nayo msithubutu. Mikwaruzo haizuii sauti, ila koti nene la vanishi linazuia.

Mwisho kuna wale wanaotaka kulitoboa ubavuni ili waingize jeki ya kuunganishia spika. Msilitoboe. Zipo pikapu, yaani vinasa sauti, za kubana kwenye tundu la mbele, unaziweka na kuzitoa bila kugusa mbao. Na kama ukumbi una maiki ya maana, iweke kama shibiri moja mbele ya pale shingo inapoungana na mwili, siyo mbele ya tundu, maana hapo itavuma besi tupu. Fundi mitambo atakuja kuisogeza kwenye tundu, nina uhakika. Mwambie aiache ilipo, akapunguze besi kwenye mitambo yake.