Diski moja isomeke kwenye kila kompyuta

Diski ya kwanza (CD au DVD) niliyowachomea watu wengine ilikuwa na faili 40 za PDF, masomo yaliyopangwa kwa mfuatano. Niliifungua kwenye kompyuta yangu ya Linux, kila kitu kikawa sawa, nikaigawa. Kesho yake mwenzangu anayetumia Windows akanionyesha kioo chake: MAFUN000.PDF, MAFUN001.PDF, MAFUN002.PDF, hivyo hivyo mpaka chini. Faili zilikuwa nzima, lakini hakuna aliyejua aanze na somo lipi.

Ukielewa kilichotokea pale, nusu ya kazi hii umeshaijua. Diski za data hufuata kanuni ya ISO 9660 ya mwaka 1988, na ngazi yake ya chini kabisa inaruhusu jina la herufi 8, nukta, na herufi 3 za mwisho, zote kubwa. Majina marefu huja kwa nyongeza. Nyongeza ya ulimwengu wa Unix, familia ya mifumo ya kompyuta inayofanana na Linux, inaitwa Rock Ridge, ambayo hutunza pia mmiliki na ruhusa za kila faili. Ya Microsoft inaitwa Joliet, na inakubali majina ya hadi herufi 64. Mimi nilikuwa nimeweka Rock Ridge peke yake. Windows haiisomi hiyo, ikaishia kuona majina yaliyokatwa.

Basi weka zote mbili. Hazigombani, kwa sababu kila moja ni orodha ya majina tu inayoelekeza kwenye data ileile, na nafasi zinayochukua ni ndogo mno. Ukitumia genisoimage, programu ya Linux ya kuandaa diski kwa kuandika amri, andika -J kwa Joliet na -r kwa Rock Ridge. Angalia sana hiyo r iwe ndogo. Ukiandika R kubwa, ruhusa za kompyuta yako zinaingia kwenye diski kama zilivyo, na faili uliyokuwa umejifungia mwenyewe inaweza kumkatalia mtu kwenye Linux yake. Hiyo r ndogo hufanya faili zote zisomwe na yeyote.

Majina yenyewe yana mtego ambao programu haiwezi kukutegulia. Tuseme umetengeneza kurasa za HTML (kama zile za tovuti) ndani ya diski, na ukurasa mmoja unaita Picha/ramani.jpg, kumbe folda inaitwa picha. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, kwa hiyo picha itaonekana. Linux inajali, na msomaji atakuta pengo tupu. Tangu siku hizo naandika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi, maneno nayaunganisha kwa kistari. Nukta pacha, nyota na alama ya kuuliza usiziguse, maana Windows haizikubali kwenye jina la faili.

Video kubwa ni habari nyingine. Programu nyingi za kuchomea kwa ISO 9660 hukwama faili moja ikizidi GB 4, hata kama DVD ya GB 4.7 ina nafasi. Hapo tumia UDF, mfumo mwingine wa kupanga faili kwenye diski, na usikimbilie toleo jipya bila sababu: Windows XP, kwa mfano, haisomi UDF 2.50.

Halafu kuna kuifunga diski, yaani kuikamilisha ili mashine nyingine ziisome. Windows inaweza kukuuliza kama unataka diski itumike kama fleshi, au isomeke kwenye mashine za CD na DVD. Diski ikiwa ni ya kugawa, chagua hilo la pili. Ile ya kwanza inapendeza kwa sababu unaongeza na kufuta upendavyo, lakini kuna mashine ambazo hazitaitambua hata kidogo.

Ukimaliza kuchoma, itoe diski kabisa, kisha uirudishe ndipo uikague, kwani kompyuta inaweza kuwa inakuonyesha iliyoyakumbuka badala ya yaliyoandikwa. Mimi huweka ndani ya diski faili moja ya maandishi yenye alama za SHA-256 za faili zote (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikibadilika), ili anayepokea naye aweze kuhakiki. Na kabla ya kuchoma nakala nyingi, nachoma moja kwenye CD-RW, CD inayoweza kufutwa na kuchomwa tena, naipeleka kwenye Windows, Mac na Linux, nafungua faili ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kasoro ikitokea naifuta, narekebisha, nachoma tena ileile.