Kwa Anayeanza Utafiti wa Uzamivu: Usikae Kimya

Ndugu unayejiunga na idara kama mwanafunzi wa utafiti, jambo la kwanza utakalolikuta ni kwamba hakuna ratiba. Wewe uliyezoea vipindi, mazoezi na mitihani ya mwisho wa muhula utapewa barua ya udahili, jina la msimamizi na miaka kadhaa ya kufanya kazi, kisha utaachwa. Wengi huipokea hali hii kama uhuru, nami niliipokea hivyo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba mwanafunzi wa uzamivu hukwamishwa zaidi na ukimya wake mwenyewe kuliko ugumu wa mada yake.

Nilikuwa nikichunguza msamiati wa wavuvi wa Kilwa, mkoani Lindi. Kwa miezi mitano ya mwanzo nilisoma na kujaza madaftari, nikiamini kwamba sistahili kumpelekea msimamizi chochote mpaka sura ya mapitio ya maandiko ikamilike. Nilipokutana naye kwenye ngazi za jengo la idara nilimwamkia, akaniuliza kazi inaendeleaje, nikajibu, "Inaendelea vizuri, Profesa," nikapita haraka. Hatimaye nilimkabidhi kurasa 60. Alizirudisha baada ya wiki tatu, na pembeni mwa ukurasa wa 4 alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Swali lako ni lipi?" Kurasa zilizofuata hazikuwa na alama hata moja, maana bila jibu la swali hilo hapakuwa na kipimo cha kuzisomea. Lau ningempelekea kurasa tatu katika mwezi wa kwanza, angeniuliza jambo lile lile, nami ningekuwa nimeokoa miezi minne.

Kwa hiyo nakusihi uandike tangu wiki ya pili, na upeleke kurasa mbili au tatu kila baada ya wiki mbili, hata kama bado ni mbichi. Msimamizi hasomi rasimu ili akupe alama. Anaisoma ili aone unavyofikiri, na hawezi kuliona hilo katika kichwa chako. Najua kinachotuzuia. Wengi wetu tumelelewa kutomsumbua mkubwa, na tukituma kazi isipojibiwa kwa mwezi mzima tunaona adabu ni kungoja. Profesa huyo huyo ana wanafunzi wengine, vikao vya seneti na mitihani ya kusahihisha, na kumkumbusha si utovu wa heshima iwapo lugha ni ya heshima. Mimi hatimaye nilizoea kuandika hivi: "Shikamoo Profesa. Naomba kukumbusha kuhusu sehemu ya swali la utafiti niliyoituma tarehe 4. Iwapo utaridhia, nitapita ofisini Alhamisi saa nne asubuhi." Ujumbe wenye siku na saa hujibiwa upesi kuliko ule unaoomba "muda wowote utakapopata nafasi". Kila baada ya kikao naye, andika mliyokubaliana siku hiyo hiyo na umtumie. Msimamizi wangu alipokwenda likizo ya kitaaluma, barua hizo fupi ndizo zilizomwezesha aliyepokea nafasi yake kujua nilikofika bila kunirudisha mwanzo.

Hudhuria semina za idara hata mada isipokuhusu, na mfahamu mapema katibu muhtasi, kwa sababu yeye ndiye anayejua tarehe ya kikao kitakachojadili pendekezo lako la utafiti. Ukikosa kikao hicho, unangoja kingine.

Sehemu inayowagharimu wengi ni ile ya kwenda uwandani. Hapa Tanzania barua ya utambulisho ya chuo huelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Ofisi yake huiandikia halmashauri, halmashauri humwandikia mtendaji wa kata, naye hukufikisha kwa mtendaji wa kijiji. Anayefanya utafiti Kenya huomba leseni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya huko, na mtafiti wa kigeni anayekuja Tanzania hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Beba nakala za kutosha za barua yako, na kila unapoiacha masijala andika daftarini ile "Kumb. Na." (namba ya kumbukumbu) iliyo juu yake, kwa sababu ukirudi kuulizia, karani atafuatilia jalada kwa namba hiyo na si kwa jina lako. Mimi sikuiandika, na nikakaa Lindi mjini siku tisa, nikilipia chumba cha wageni, huku barua ikitafutwa.

Nilipofika Kilwa nilikuta bamvua, yaani siku za maji kutoka na kujaa sana, ndiyo linakwisha. Nilitaka kuzungumza na wanawake wavua pweza wakiwa kazini, na wao hushuka mwambani maji yanapotoka sana, siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Pendekezo langu lilikuwa na jedwali zuri la miezi na shughuli, lakini sikuwa nimemuuliza mtu yeyote wa pwani kabla ya kulichora. Mpigie simu mtendaji au mwenyeji yeyote kabla ya kukata tiketi, uulize watu utakaowahoji wanapatikana lini.

Rekodi zako zihifadhi mahali pawili usiku huo huo, kisha anza kuziandika bila kungoja urudi chuoni. Saa moja ya mazungumzo ilinichukua si chini ya saa sita kuiandika. Rekodi za safari ya kwanza nilizifungua miezi miwili baadaye, nikakuta upepo umemeza jina la sehemu moja ya mtego wa dema, nikairudia sauti ya mzee yule mara nyingi bila kuipata. Nilipompigia simu mwenyeji wangu, aliniambia mzee amekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali. Katika safari ya pili nilikuwa nikiandika kila jioni kwa mwanga wa taa ya sola, na palipokuwa na neno lisilosikika nilipiga mstari, ili alfajiri niwahi ufukweni kuliulizia kabla vyombo havijatoka.