Tumbo halina meno

Kwa miaka miwili hivi nililala nimeegemea mito mitatu. Nikilala chali tu, kiungulia kinapanda hadi kooni, mdomo unajaa uchungu. Nikajipa jina la ugonjwa mwenyewe, vidonda vya tumbo, nikaacha pilipili na kutafuna vidonge vya kupoza asidi kama peremende.

Nilipomwona daktari hatimaye, hakuanza na tumbo. Aliniuliza, "Unakula kwa dakika ngapi?" Nikacheka. Tano, labda sita, na macho yote kwenye simu. Akauliza tena nakula saa ngapi na nalala saa ngapi. Hapo sikucheka. Nilikuwa nakula saa nne usiku, na saa nne na nusu niko kitandani.

Mimi nilidhani chakula huanza kumeng'enywa kikifika tumboni. Kumbe kazi huanzia mdomoni. Mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Tafuna kipande cha mkate kwa muda bila kumeza, utaanza kuonja utamu. Mtu mzima hutoa mate kama lita moja kwa siku, wakati mwingine zaidi, na mimi yangu nilikuwa nayapitisha bila kuyapa kazi. Meno ndiyo kabisa. Ukishameza, huko chini hakuna kiungo kingine cha kusaga. Tumbo lina misuli ya kukanda na asidi ya kulainisha, basi. Ukilipelekea mapande, yatakaa humo mpaka yalainike.

Tonge likipita kooni, kidakatonge hufunika njia ya hewa, kisha umio, mrija wa sentimita 25 hivi, hulisukuma chini kwa kubana na kulegea. Ni sekunde chache tu, na ungemeza hata ukiwa kichwa chini miguu juu (usijaribu, nimekwambia tu). Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo unaofunguka kupitisha chakula, halafu hujibana ili kisirudi. Kesi yangu yote ilikuwa hapo.

Asidi ya tumboni ni haidrokloriki, kali kweli. Tumbo lenyewe haliungui kwa sababu ukuta wake umepakwa ute mzito. Umio hauna kinga ya namna hiyo. Sasa shindilia tumbo, kisha ulale: msuli ule ukilegea kidogo tu, asidi inapanda na inaunguza. Mlo wa kawaida huchukua saa 2 hadi 4 kutoka tumboni, na wenye mafuta mengi huchelewa zaidi. Ndiyo maana naacha saa 3 kati ya kula na kulala. Katika yote niliyobadilisha, hilo ndilo lililonisaidia kuliko vidonge. Mito nayo ilikuwa ikiniponza: hukukunja kiunoni na kulibana tumbo. Heri kuinua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15 hivi, na kulalia ubavu wa kushoto.

Na vile vidonda? Nilipimwa, sikuwa navyo. Watu wengi bado wanalaumu pilipili na mawazo, wakati Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria Helicobacter pylori na nafasi yake katika vidonda vya tumbo. Marshall alifika hadi kuwanywa bakteria hao mwenyewe, tumbo likawaka. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, hasa zikitumiwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo usijitibu kwa kubahatisha kama mimi, vipimo vipo.

Baada ya tumbo, kazi kubwa ni ya utumbo mwembamba, mita 6 hivi zilizojikunja. Hapo kongosho humwaga vimeng'enya na maji ya kupoza asidi, nyongo kutoka kwenye ini huchangua mafuta, na virutubisho vingi hufyonzwa kwenda kwenye damu. Utumbo mpana hufyonza maji yaliyobaki. Makapi yakikawia humo, choo kinakuwa kigumu. Nyuzinyuzi na maji ya kutosha husaidia. Na hamu ya kwenda chooni baada ya kula ni jambo la kawaida, tumbo likijaa huuamsha utumbo mpana. Usiibane eti uko kazini. Nimewahi, na nililipia.

Lakini ukiona chakula kinakwama ukimeza, unatapika damu, choo ni cheusi kama lami, au unakonda bila sababu, achana na ushauri wangu wa mito na kutafuna. Nenda hospitali siku hiyohiyo.