Povu la manjano kwenye matandazo ya kahawa

SWALI: Nina shamba la kahawa ya robusta wilayani Buikwe, Uganda, karibu na msitu wa Mabira. Mvua zilipoanza, povu zito la manjano lilijitokeza juu ya matandazo na kupanda kwenye mashina ya mibuni miwili. Muuzaji wa pembejeo, baada ya kuona picha kwenye simu yangu, amesema ni fangasi walioletwa na udongo wa msituni niliotumia kitaluni, nami nipulize dawa kabla mibuni haijanyauka. Je, ni kweli?

JIBU: Usipulize chochote. Kwa maelezo yako, huo ni ukungu ute, na yaelekea ni Fuligo septica, ambao si fangasi bali ni jamaa wa amiba. Hula bakteria na vijidudu vingine vya kwenye mabaki yanayooza, na shina la mbuni kwake ni mahali pa kupanda tu ili upate kutoa spora, yaani chembe zake za kuzaliana. Baada ya siku moja au mbili utakauka, na ukiuvunja utakuta ndani unga mweusi kama masizi. Mwenye pumu asiuvuruge. Zaidi ya hapo hauna madhara.

Linalonichosha ni imani kwamba kila kiumbe kitokacho kwenye udongo wa msitu ni ugonjwa. Povu lako ni sehemu ndogo tu ya jamii ya ukungu ute, kwa sababu aina zake nyingi hazionekani kwa macho. Chukua diktiostelidi, kundi mojawapo la ukungu ute huo mdogo: kila mmoja huishi akiwa seli moja inayowinda bakteria chini ya majani makavu, lakini chakula kikiisha, maelfu yao huitana kwa kemikali, hukusanyika, na katika baadhi ya spishi hutambaa pamoja kuelekea kwenye mwanga. Katika Dictyostelium discoideum, ambayo mtafiti Kenneth Raper aliieleza mwaka 1935 kutokana na majani yaliyooza msituni North Carolina, Marekani, takriban seli moja kati ya tano hufa ili kujenga kikonyo, na zilizobaki huwa spora juu yake. Misitu ya tropiki huwa na spishi nyingi zaidi kuliko ya nchi za baridi. Ili kuzitambua, mtaalamu hukoroga udongo kidogo katika maji, hutandaza tone lake juu ya agari (jeli ya kukuzia vijidudu) iliyotiwa bakteria, kisha hungoja siku kadhaa na kuchunguza kwa darubini. Muuzaji wako alitumia picha ya simu!

Viumbe hao wanapokula bakteria, nitrojeni iliyofungwa mwilini mwa bakteria hurudi kwenye udongo, mizizi ikaipata. Dawa ya fangasi haina cha kutibu hapo. Itaua fangasi wanaoozesha matandazo yako, nawe utakuwa umeilipia.

Mnyauko wa kahawa, ulioripotiwa Uganda mwaka 1993, husababishwa na fangasi aitwaye Fusarium xylarioides, nao hukaa ndani ya mti. Mbuni ukianza kupukutisha majani, kwangua gome karibu na ardhi: ukiona weusi wenye rangi ya buluu kwenye mti, ung'oe na kuuchoma papo hapo bila kuukokota shambani, kwa maana hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Panga ulilokatia mti huo lipitishwe motoni kabla ya kugusa mwingine. Na udongo wa kuogopa kitaluni ni ule uliochotwa chini ya mbuni uliokufa hivyo.