Kopi 200 tu? Barua kwa mwanangu wa Berlin

Mwanangu, baba yangu, za huko. Voice yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nikiwa kwenye basi sikuambulia kitu, ya pili napika ndo nikakuelewa. Nalirudia swali lako hapa usije ukasema mama kajibu mengine: unataka kutoa santuri yako ya kwanza, ngoma nne, kopi 200 tu, kila moja umeiandika namba kwa mkono, mtandaoni isiwepo kabisa, na juu yake uandike kwamba haitagongwa tena kiwandani milele. Rafiki yako kakwambia zikiwa chache zitaisha siku hiyohiyo na mwakani zitauzwa yuro mia kwenye Discogs, ule mtandao wa watu kuuziana santuri. Afu ukamalizia, "mama we si ulikuwa kiwanda cha santuri, ni kweli?"

Inawezekana zikafika hiyo mia. Ila hiyo mia haiji kwako, na hapo ndo mi na rafiki yako tunapoachana.

Unakumbuka Siku ya Malkia 2005, ile sikukuu ya Uholanzi watu wanauza vitu vyao barabarani? Ulikuwa na miaka saba, tumetandika khanga pale barabarani Haarlem kama watu wote, unauza midoli yako na boksi langu la santuri. Kiwandani walikuwa wanaturuhusu kubeba zenye kasoro, jaketi lake la karatasi limekunjika kona au lebo imekaa upande, mi nilikuwa nachukua tu kwa sababu ya bure, mashine ya kuzipigia yenyewe hatukuwa nayo. Tukaweka yuro moja moja. Akaja kaka mmoja mrefu, kachuchumaa anapekua kimyakimya kama mtu anachagua nyanya, akatoa moja, lebo nyeupe haina jina, ina muhuri wa samaki tu wa wino wa bluu, umegongwa ukapinda. Akakupa yuro mbili akakwambia baki na chenji, na wewe mbio kwenye vile vitumbua vyao vidogo vya sukari ya unga. Basi miaka kama kumi baadaye ukanionyesha wewe mwenyewe kwenye simu, samaki yuleyule, yuro 180. Nilicheka, kisha nikanuna, nilinuna siku mbili nzima.

Lakini nikawaza, huyo kijana aliyekaa chumbani kwake akagonga samaki mmoja mmoja, katika hiyo 180 kapata nini? Hajapata hata senti. Yeye alishaliuzia duka kwa yuro nne au tano akamaliza. Huku Ulaya mchoraji picha yake ikiuzwa tena kwa dalali sheria inamkatia asilimia kidogo, mwenye santuri hana hiyo sheria, ikishatoka mkononi mwake imetoka. Kwahiyo bei ikipanda anayekula ni aliyenunua mbili, moja ya kusikiliza na moja ya kuificha kabatini, na wa hivyo mjini kwako wamejaa.

Sasa kuhusu uchache wenyewe, manake hapa nakuona unaongea kama ni ufundi fulani wa kisanii, wakati sisi kiwandani tulikuwa tunauona upande wa jikoni. Muziki wako kwanza unachongwa kwenye sahani ya aluminiamu iliyopakwa lakeri laini, ile sahani inaenda kwenye bafu la umeme inavishwa nikeli, mpaka inapatikana stempa, ambayo ni santuri kinyumenyume, palipo na mfereji pana tuta. Zinatakiwa mbili, ya upande A na ya upande B. Halafu donge la plastiki la moto, linakaa katikati kama kinyunya kwenye kibao cha chapati, lebo juu lebo chini, mashine inafunga kwa mvuke, maji baridi yanapita, nusu dakika hivi imetoka. Na ile lebo haina gundi mwanangu, inashikana na plastiki palepale, ndo maana karatasi lazima zikaushwe kwenye oveni kwanza, zikiwa na unyevu zinafanya malengelenge. Za mwanzo zote zinatupwa mpaka mashine ishike joto.

Gharama yote nzito ipo kabla ya santuri ya kwanza kutoka. Kuchonga, nikeli, stempa, zile kopi za majaribio unazotumiwa usikilize, vyote bei ni ileile ugonge 100 au ugonge 1000. Tuseme, mfano tu, maandalizi yamekula yuro 900: kwa kopi 100 kila moja inabeba yuro tisa kabla hata ya plastiki, kwa 300 inabeba tatu, kwa 1000 haifiki moja. Kwahiyo mtu anayegonga chache ndo anayelipa ghali kuliko wote. Wenye lebo ndogo, yaani vikampuni vya muziki, walikuwa wanagonga 300 kwa sababu pesa iliishia hapo, na kwa sababu walijua wenye kununua ni hao 300, madijei na vichaa wachache. Hakuna aliyekaa akapanga "nitengeneze adimu."

Na chache peke yake haina maana, naomba hili ulishike. Si unajua Discogs inaonyesha wangapi wanayo na wangapi wanaitaka, basi wewe unaangalia safu ya kwanza tu. Santuri ambayo 180 wanayo na 900 wanaitaka, hiyo itapanda. Santuri ambayo 40 wanayo na sita wanaitaka, hiyo ni maboksi chini ya kitanda. Nilishaona lebo moja imegongewa 300, baada ya mwaka zikarudi 240 kwenye pallet, mwenyewe kaomba zisagwe zitumike tena. Sasa plastiki haiwezi kusagwa na karatasi yake, lazima kitovu kikatwe kwanza, mi na mama mmoja wa Suriname tulikaa asubuhi nzima tunakata vitovu, sahani inaenda huku, lebo yenye jina la mtu inaenda kule kwenye ndoo. Zilikuwa na namba za mkono pia, 1 mpaka 300.

Hao unaowapenda wa Detroit hebu waangalie vizuri. Underground Resistance, kundi la techno, ule muziki wa mashine wa klabu, la kina Mad Mike na Jeff Mills, wale walikuwa watu weusi kwenye mji ambao viwanda vya magari vimeukimbia, wanataka kutoa muziki bila kumuomba mtu ruhusa. Mjini kwao kulikuwa na Archer, kiwanda kidogo cha familia, kipo tangu 1965, hapo ndo techno nyingi ya Detroit ilikogongwa. Lebo bila picha, sura wamefunika vitambaa, yote hayo leo watu wanaona ni stailo ya kuuza kwa bei, ila kwao jambo lilikuwa muziki usikilizwe bila kuuliza huyu nani na anafananaje. Uadimu ulikuja baadaye wenyewe, walipokua wale waliozisikia klabu wakiwa hawana hela.

Halafu kuna Drexciya, wale wawili wa hukohuko Detroit, hapa niache niseme kidogo maana hawa wananigusa. Unakumbuka uliponieleza hadithi yao sikulala vizuri. Kwamba wale kina mama wajawazito wa Kiafrika waliotupwa baharini kutoka kwenye majahazi ya watumwa, watoto wao wakazaliwa wanapumulia maji, wakajenga mji chini ya bahari. Najua hiyo ni Atlantiki, sio kwetu. Lakini mi nimezaliwa Tanga, Pangani sio mbali, Bagamoyo nayo ni pwani hiyohiyo, bahari ya kwetu nayo ilibeba watu hivyohivyo, na hamna mtu aliyewatungia watoto wao mji. Sasa James Stinson, mmoja wao, akafariki 2002, zile santuri za miaka ya tisini zikawa zinapanda tu, mwanafunzi akitaka kusikia hiyo hadithi kwa sindano inabidi auze baiskeli. Mpaka Clone, lebo ya hawa wa Rotterdam, kuanzia 2011 wakazirudisha kwa mikusanyo mipya, bei ya kawaida. Anayetaka kusikia akasikia, anayetaka ile ya kwanza yenye harufu ya zamani akabaki na mnada wake, na hakuna aliyesema sasa Drexciya wameshuka heshima. Ingekuwa walishaandika "haitagongwa tena milele" ungesikilizia wapi wewe?

Na mfano mwingine upo kwenu hapo Berlin, unapita kila wiki. Mark Ernestus alifungua duka la santuri la Hard Wax 1989, yeye na Moritz von Oswald wakaanza lebo ya Basic Channel 1993, lebo zao maandishi yamevurugika hata kuyasoma tabu, jina la mtu hamna. Siri kuliko hiyo siri gani? Lakini zile santuri zimegongwa tena na tena, miaka thelathini baadaye mtoto aliyezaliwa juzi ananunua mpya. Kuwa andagraundi na kuwa adimu ni vitu viwili, huyo rafiki yako kavifunga fundo moja.

Kwetu nyumbani pia. Babu yako alikuwa na santuri ndogo za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi za hapohapo Tanga, enzi hizo Tanzania haikuwa na kiwanda kwahiyo bendi zinapanda basi kwenda kurekodi Nairobi na santuri zinarudi kwa njia hiyohiyo. Leo wazungu wanazitafuta kwa tochi. Zimekuwa chache kwa nini? Kwa sababu zilipigwa, baba! Kila harusi, kila Idi, sindano butu, mchanga, mtoto kakalia moja, jirani kaazima hajarudisha mpaka leo na tunamjua. Ukiikuta safi haina mkwaruzo ujue hiyo hakuna aliyeipenda.

Vijana wa singeli ndo kinyume kabisa. Ule mkusanyo wa Sounds of Sisso uliotoka 2017 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala, huku Ulaya watu wameuhifadhi kwenye shelfu, na pale Mburahati, Dar, muziki uleule unatembea kwa memori kadi na simu kwa simu, kila bodaboda anao. Nani ana mali hapo sijui, ila najua wapi watu wanacheza.

Haya, ushauri, maana najua umeshaanza kuchoka.

Usigonge 200, gonga 300, bei ya moja itashuka na utaweza kumuuzia mwanafunzi. Muhuri wa mkono piga, sikukatazi, ni mzuri na mi mwenyewe nilipenda yule samaki. Namba za mkono sio lazima, ila kama roho inataka andika. Lile neno milele ndo ulifute. Ukiliandika halafu mwaka wa tatu watu wanazitaka na wewe una njaa, una mawili, ubaki na njaa huku mwingine anauza yuro mia, au ugonge tena na wale waliokuamini wakuite tapeli, na watakuwa na haki, maana walilipia neno lako. Usipoandika kitu huna deni na mtu. Zile stempa ulizia kiwanda watazihifadhi muda gani, wengine wanazitupa baada ya miaka michache bila hata kukuambia, na file lako la masta weka sehemu mbili.

Mtandaoni weka, hata kama ni miezi sita baadaye. Binamu zako Tanga hawana mashine ya santuri na wanauliza kila siku we unafanya muziki gani. Kopi ishirini weka kwangu, sio za kuuza, moto na mafuriko huwezi jua, na dunia ya santuri ni nyembamba kuliko unavyodhani. 2020 kiwanda kimoja tu kiliungua kule Banning, California, kilichokuwa kinatengeneza zile sahani za lakeri, ikabaki kampuni moja ndogo Japani, watengeneza santuri dunia nzima wakashika kichwa.

Na ngoma zako zina urefu gani? Hilo ndo ungeniuliza kwanza. Kwenye santuri ya inchi 12 ya kasi ya mizunguko 45 kwa dakika usizidishe dakika kumi, kumi na mbili kwa upande, ukijaza sana mifereji inabanana, besi inakonda, na muziki wako wote ni besi. Ngoma nne zako zikiwa za dakika nane nane hazikai humo, punguza mbili au gonga santuri mbili, na mbili maana yake stempa nne, rudi kwenye hesabu yangu ya juu.

Zikifika nitakuja kukusaidia kugonga mihuri, tafuta wino unaokauka haraka, ule wa posta unapaka vidole na jaketi zote. Na ukipita Rotterdam, ukimuona yule samaki wangu wa bluu chini ya yuro ishirini, ninunulie.

Mama