Diski nne, harusi moja

Nina chumba cha kuhariri video za harusi hapa Area C, Dodoma. Kazi za kamera tatu zilikuwa zikikwamakwama kwenye diski moja, fundi akaniunganishia nne kwa mtindo wa RAID 0, yaani diski kadhaa zinafanya kazi kama moja. Sikuuliza ile sifuri ina maana gani. Maana yake ni akiba: hamna.

Faili halikai diski moja. Linakatwa vipande vinavyolingana, tuseme vya kilobaiti 64. Cha kwanza kinakwenda diski A, cha pili B, cha tatu C, cha nne D, cha tano kinarudi A. Zote zinasoma kwa mpigo, hivyo video kubwa hupita kwa karibu mara nne ya kasi ya diski moja. Ni kama makuli wanne wa Kibaigwa kwenye lori moja la mahindi. (Kwa vifaili vidogo hutaona tofauti, gunia moja halihitaji makuli wanne.)

Lakini kuli akiugua, wenzake watabeba magunia yake. Diski hazisaidiani hivyo. Siku moja umeme ulikatika mchana, uliporudi diski ya tatu ikawa inagonga tu, tik, tik. Katika kila vipande vinne vya kila video, kimoja kikawa hakipo, na hakuna video iliyofunguka. Mama wa bibi harusi alitoka Ipagala, akaketi kwenye benchi langu. "Mwanangu, si umesema tatu ni nzima? Sasa hizo zina nini?" Nikainamisha kichwa.

Hesabu yenyewe inatisha: diski moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 3 kufa ndani ya mwaka, kundi la nne linafika karibu asilimia 11.5.

Sifuri bado naitumia, ila kwa kazi ambayo picha zake halisi ziko kwenye diski nyingine. Kadi za kamera sizifuti mpaka mteja achukue kazi yake. Za kuhifadhi nimeweka RAID 10: terabaiti 2 mara nne, napata 4 badala ya 8, kwani kila kipande kina pacha wake. Hata hivyo ukifuta faili kwa bahati mbaya, na pacha anafutika, kwa hiyo nakala nyingine naiweka nyumbani. Na kabla ya diski yoyote, nunua UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika.

Yule mama nilimrudishia hela yote. Picha za mnato alizipata kwa shangazi, kwenye simu.